Aliyetishwa na aliyenyimwa: namna ya kumtunza mtoto mwenye jeraha la moyo, nyumbani na darasani Goma

Tairi la lori likipasuka barabarani Ndosho, darasa zima linashtuka. Muda si mrefu wengi wanacheka na kurudi kwenye imla. Mmoja amebaki chini ya benchi, mikono masikioni, kaptula imelowa. Jirani yake hakushtuka hata kidogo: alikuwa anatazama ubao wa ukuta kabla ya kishindo, na bado anautazama. Kwa kawaida mwalimu atamkaripia wa kwanza kwa fujo na wa pili kwa uvivu. Wote wawili wameumia wakiwa wadogo, lakini hawakuumia kwa namna moja, na kinachomsaidia huyu hakimsaidii yule.

Maelezo haya ni ya mama, papa, tantine, mlezi aliyepokea watoto wa ndugu waliokimbia vita, na mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani. Hayahitaji vifaa. Yanahitaji kwanza kutofautisha mambo mawili: kutishwa na kunyimwa.

Kutishwa ni nini, kunyimwa ni nini

Kutishwa ni kupatwa na hatari au kuiona: kuchapwa mara kwa mara, kuona mama akipigwa, kubakwa, mabomu, usiku wa tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliposhuka na watu wakakimbilia Sake na mpaka wa Rwanda, risasi za Januari 2025 mjini. Kunyimwa ni kukosa kile ambacho mtoto anakihitaji ili akue. Watu wanafikiria chakula tu. Chakula kimo, ila kuna pia maneno, kubebwa, kuchezewa, na mtu mzima anayeitika mtoto anapoita. Mtoto wa miaka 2 aliyeshinda ndani ya bashi (hema la turubai) na dada yake wa miaka 7 kwa sababu mama yuko Birere anabeba mizigo, hakupigwa na mtu. Amenyimwa, na mama hana kosa.

Wengi wamepata yote mawili. Hata hivyo angalia lipi limezidi, kwa sababu yanagusa sehemu tofauti za ubongo.

Ndani kabisa ya kichwa kuna sehemu ndogo inayoitwa amigdala. Kazi yake ni zamu. Ikiona hatari inaamsha mwili: adrenalini inapanda, moyo unakimbia, damu inaenda miguuni, tumbo linasimama. Baadaye kidogo inakuja kotisoli, inayoushikilia mwili katika hali hiyo. Mtoto akishikwa na mtu anayemwamini, mwili unashuka. Hofu ya namna hiyo haimharibu mtoto. Kinachoharibu ni hofu inayorudi kila wiki bila mtu wa kumtuliza. Mbwa wa zamu aliyevamiwa na wezi mara tatu anabwekea hata jani likianguka, na mtoto aliyetishwa sana ni hivyo hivyo: mlango ukifungwa kwa nguvu, sauti ya mwanaume ikipanda, ardhi ikitikisika kidogo kama kawaida yetu hapa, mwili wake unawaka kabla hajafikiri. Na mwili ukiwaka, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga, kungoja na kujizuia, inafanya kazi kidogo sana. Ndiyo maana ukimuuliza «kwa nini umefanya hivyo?» anakujibu «sijui», na kwa kweli hajui.

Kwa aliyenyimwa, shida si amigdala inayolia kama king'ora. Njia za ubongo zinajengwa kwa kutumiwa: mtoto anatoa sauti, mkubwa anaitika, mtoto anajibu tena. Mazungumzo hayo yasipokuwepo, lugha inachelewa, kumbukumbu ya muda mfupi inakuwa fupi, na kufuata maagizo matatu kwa mpigo kunamshinda. Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wanalelewa katika nyumba za mayatima. Baadhi walihamishiwa kwenye familia za malezi. Waliohama kabla ya kufika miaka 2 hivi walipata nafuu kubwa kuliko waliochelewa, hasa katika kushikamana na mlezi. Kwa hiyo mtoto mchanga aliyepotezana na wazazi atafutiwe familia haraka, hata familia yenye chumba kimoja cha mbao, kuliko kitanda safi katika nyumba ya watoto 80.

Huenda umesikia pia juu ya utafiti wa San Diego, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ambao mwishowe ulihusisha watu wazima zaidi ya 17,000. Uliwauliza taabu za utotoni na kuzihesabu. Waliokuwa na aina 4 au zaidi walionekana kupata zaidi magonjwa ya moyo, huzuni kubwa na ulevi ukubwani. Ni kazi muhimu, ila usiitumie vibaya. Hesabu ile inasema juu ya maelfu ya watu kwa pamoja, haitabiri maisha ya mtoto mmoja. Mwalimu anayempa mtoto «pointi 6» na kumkatia tamaa ametumia mizani ya magunia kupima kidonge.

Jeraha linavyoonekana kwa umri

Chini ya miaka 6 mtoto anarudi nyuma: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyesema vizuri anasema kitoto, anashikilia kitenge cha mama hata chooni. Kati ya 6 na 12 tumbo na kichwa vinauma asubuhi za masomo bila homa, anacheza mchezo mmoja tu, mara nyingi ni vita au kuzika, na anarudia bila kufurahi. Baada ya 13 inageuka hasira, kukaa peke yake, pombe, kutoroka, maneno ya kulipiza kisasi, au kinyume chake: kijana mtiifu kupita kiasi anayeogopa kumuudhi yeyote. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika. Hasumbui mtu, basi hakuna anayemuuliza.

Wiki za kwanza baada ya tukio, usingizi mbovu na kushtukashtuka ni kawaida, na wengi wanapona bila tiba, nyumba ikitulia. Usimlazimishe kusimulia. Kumkalisha mtoto mara moja, siku mbili baada ya msiba, na kumtaka «atoe yote» hakusaidii. Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo. Linaloshauriwa ni mambo matatu yenye mpango: angalia anahitaji nini sasa (maji, nguo, ndugu yake), sikiliza anachotaka kusema mwenyewe, umuunganishe na watu wake na huduma.

Mwili ukiwaka: dakika 10 za kwanza

Anza na wewe. Mtoto anasoma mabega yako kabla ya maneno yako, na wengi wetu tulikuwa mjini siku zile zile, nasi tunashtuka. Toa pumzi ndefu mara mbili kabla ya kumsogelea.

1. Shuka chini, chuchumaa, kaa ubavuni pake na si usoni pake, mbali kwa urefu wa mkono na nusu. Anayesimama mbele yake akiwa juu anafanana na hatari.
2. Mwite jina, sauti chini na ya polepole. Mwambie yuko wapi na nini kimetokea: «Uko darasani. Leo Jumanne. Lile lilikuwa tairi la lori, limepasuka.» Rudia maneno yale yale, usiongeze.
3. Usimguse bila kumuuliza. «Nikushike mkono?» Akikataa, weka mkono wako sakafuni karibu naye uuache hapo.
4. Mwambie akanyage chini kwa nguvu, ahisi saruji au mawe chini ya nyayo. Kisha ahesabu mbao tano za ukuta, asikilize sauti nne, aguse vitu vitatu. Macho yabaki wazi. Wengi wakifumba macho wanaona yale waliyoyakimbia.
5. Pumzi: aingize ukihesabu 3, atoe ukihesabu 5, kama anayepuliza makala (makaa) bila kurusha majivu. Mara sita zinatosha. Kinachoshusha moyo ni kutoa pumzi kuliko kuingiza, na ndiyo maana «vuta pumzi sana!» inamzidishia kizunguzungu. Usimvalishe mfuko puani na mdomoni.
6. Maji anywe taratibu, halafu kazi nyepesi ya mikono: kufuta ubao, kugawa madaftari. Mazungumzo juu ya kilichotokea yangoje mpaka mwili umeshuka, mara nyingi nusu saa au zaidi.

Mara nyingi kinachoharibu ni neno «tulia!» likisemwa kwa ukali. Mtoto hawezi kutii kwa sehemu ya ubongo ambayo kwa dakika hizo haifanyi kazi vizuri. La pili ni kucheka. Kama darasa linacheka, wape wengine kazi ya kuandika mara moja, hata mistari miwili, macho yao yarudi kwenye daftari.

Siku yenye vigingi vitatu

King'ora hakizimwi na mahubiri. Kinazoea kushuka siku zikifanana. Chagua vigingi vitatu: kuamka, chakula cha jioni, kulala. Visiyumbe zaidi ya nusu saa, hata kama jioni ni bugali na lenga-lenga tu, hata kama mmehama kambi. Familia isiyo na saa inaweza kufuata kengele ya kanisa, adhana au moto wa jioni. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, kijana saa 8 hadi 10. Kwenye chumba cha watu saba hilo ni gumu. Angalau alale ukutani na si mlangoni, apitiwe na watu wachache.

Mabadiliko yatangazwe mapema: «Kesho naenda Sake, utalala na tantine, nitarudi Alhamisi.» Kisha rudi Alhamisi. Ukichelewa, tuma ujumbe. Ahadi ndogo zinazotimizwa zinafanya kazi kubwa kuliko zawadi, na «nakuja sasa hivi» ya kumdanganya asilie inabomoa jengo la miezi miwili.

Kitanda kilicholowa

Hapa watu wanakosea sana, kwa hiyo tukae kidogo. Matela linatolewa asubuhi na kuanikwa juu ya mawe meusi ya volkeno mbele ya nyumba, avenyu nzima inaona, watoto wanaimba. Aibu hiyo ni tishio jipya, na usiku unaofuata mkojo unazidi.

Kwanza jua kwamba kabla ya miaka 5 si tatizo. Kwa aliyekuwa amekauka kisha akaanza tena, mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo: maambukizi yanaleta hali hiyo, na kisukari pia, hasa akinywa maji kupita kiasi na kukonda. Kama vyote ni salama, fanya hivi. Weka plastiki nzito chini ya shuka na kitenge cha zamani juu yake. Asubuhi kitenge na shuka ndivyo vinavyofuliwa, matela halitoki nje. Mtoto asaidie kufua kama kazi ya kawaida, bila maneno. Mchana anywe maji kama wengine, ila apunguze saa mbili kabla ya kulala. Kama choo kiko nje gizani, mpe ndoo ndani. Watoto wengi wa kambini hawakojoi kwa ugonjwa, wanaogopa njia ya chooni, na wana sababu. Ninyi wakubwa mkienda kulala mnaweza kumwamsha akojoe. Hilo linaokoa shuka usiku ule, halitibu. Siku alizokauka, achore alama kwenye karatasi. Siku alizolowa, usiandike kitu.

Akiwa na maumivu au uchafu sehemu za siri, au akimkwepa mtu fulani ghafla, usifikirie kitanda tena. Fikiria kubakwa, na soma sehemu ya mwisho sasa hivi.

Aliyenyimwa: maneno na mkate wa chini ya mto

Mtoto huyu hahitaji kutulizwa. Anahitaji kuitikwa. Dakika 15 kwa siku, kila siku, ni bora kuliko Jumapili nzima. Mnapochambua maharagi mkae pamoja na uyaseme mambo yaliyo mikononi mwenu: hili limetobolewa na mdudu, hili jekundu, hili tutupe. Muulize, halafu ungoje. Hesabu kimya mpaka 10 kabla ya kumjibia. Wakubwa wengi wanangoja sekunde mbili tu. Vitendawili ni dawa nzuri, na havina bei. Kwa kumbukumbu, mchezo wa soko: wewe sema «Naenda Virunga kununua chumvi», yeye aseme «chumvi na sabuni», wewe «chumvi, sabuni na makala». Anza na vitu viwili. Akifika vitano bila kukosea ndani ya wiki mbili, amepiga hatua.

Utakuta kipande cha bugali kimekauka chini ya mto, au mkate ndani ya viatu. Usimwite mwizi. Tumbo lililoshinda njaa linaweka akiba, hata kama sasa chakula kipo. Mpe kopo lenye kifuniko, liwe lake, na ndani uweke karanga au kipande cha muhogo kila jioni, mbele ya macho yake. Miezi miwili au mitatu baadaye kopo litaanza kubaki na vitu mpaka asubuhi. Ukifunga chakula kwa kufuli, kuficha kunaongezeka.

Darasani aketi mbele, apewe agizo moja kwa wakati: «Toa daftari.» Ngoja. «Andika tarehe.» Aliyetishwa, yeye, aketi mgongo ukutani akiona mlango, ukimweka katikati atageuka shingo kila dakika. Fimbo haiwafai wote wawili: mmoja inamwasha, mwingine inamfundisha kwamba mkubwa anamsogelea tu wakati wa kupiga. Na kumrudisha mtoto nyumbani mbele ya wenzake kwa sababu ya pesa, wakati shule ya msingi ya serikali imetangazwa bure tangu 2019, ni jeraha jingine juu ya lile.

Kijana

Ubongo unaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25, sehemu ya mbele ikiwa ya mwisho. Kwa hiyo mlango haujafungwa kwa wa miaka 15, ila hataki kukalishwa na kuulizwa. Ongea naye ubavu kwa ubavu: mkibeba bidoni za lita 20 kutoka ziwani, mkifunga gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Macho yakiwa kwenye kazi, mdomo unafunguka. Aliyetoka kwenye makundi ya silaha usimwite kadogo, na anayelala barabarani usimwite maibobo. Anajua majina hayo na anajua yanakoishia. Mpe jukumu lenye matokeo yanayoonekana: funguo, kuku wanne, kumfundisha mdogo wake kusoma.

Akisema «heri nisingezaliwa», muulize waziwazi kama anafikiria kujiua na kama ameshapanga namna. Swali hilo halimpandikizii wazo. Likijibiwa ndiyo, asibaki peke yake usiku huo, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, asubuhi mpeleke kwa muuguzi.

Yanayoharibu kazi

Valiumu inayouzwa bila karatasi ya daktari inamlaza mtoto, haimtibu. Kwa watoto waliopatwa na tukio karibuni, Shirika la Afya Duniani halipendekezi dawa za jamii hiyo. Maombi yanaweza kuwatia nguvu wengi, lakini kumwita mtoto mchawi kwa sababu anapiga kelele usiku ni kosa chini ya sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Kumfungisha chakula ili «pepo atoke» ni kumtisha na kumnyima kwa mpigo mmoja.

Liko jingine ambalo wasaidizi wenyewe wanalifanya: kila mgeni mwenye kamera na fulana ya shirika anataka kusikia habari ya mtoto upya. Mzazi ana haki ya kukataa. Habari isimuliwe kwa mtu mmoja anayeitibu, na kwa polisi au mahakama inapobidi.

Lini kwenda kwa wataalamu, na nini cha kubeba

Kubakwa ni dharura, hata kama mtoto anaonekana mzima. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Usimwogeshe kwanza, beba nguo alizovaa ndani ya karatasi, si plastiki. Saa 72 zikipita, nenda tu, matibabu mengine yapo. Goma, hospitali ya HEAL Africa inapokea. Bukavu, Panzi, hospitali ya Dr Denis Mukwege.

Kwa mengine, kipimo ni mwezi mmoja. Ndoto mbaya, kukwepa mahali fulani, kushtuka au kunyamaza kukizidi mwezi na kumzuia kusoma, kula au kucheza, anza na kituo cha afya cha mtaa na uombe APS, msaidizi wa kisaikolojia na kijamii. RECO wa avenyu, mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani, anajua alipo. Hali nzito zaidi zinapelekwa kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu. Tiba ya mazungumzo yenye mpango mara nyingi ni vikao 12 hadi 15, na imejaribiwa kwa watoto wetu wenyewe: tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2013, moja ya wasichana 52 na nyingine ya wavulana 50 wa Kongo walioumizwa na vita, zilionyesha dalili zikishuka vizuri. Vikao vya katikati, mtoto anapofika kwenye tukio lenyewe, vinaweza kumzidishia ndoto kwa siku chache. Wengi wanaacha hapo. Muulize APS kabla ya kuanza: tukio lenyewe litafikiwa kikao cha ngapi?

Siku 14 kabla ya kwenda, chukua daftari la kurasa 48 na uandike mistari mitano kila jioni: saa, nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, ilichukua dakika ngapi kushuka, nani alikuwepo. «Saa 1 jioni, jirani aligonga bati, alijificha chini ya kitanda, dakika 40, alitoka yaya yake alipoimba.» Mistari kama hiyo inamwambia mtaalamu mengi kuliko «mtoto ana troma», na ukiisoma mwenyewe siku ya kumi utaona kinachomwasha, na huenda pia ukaona kwamba dakika 40 zimekuwa 25.